Mjadala juu ya Vyombo vya Filamu na Ghiliba za Soko

Katika sanaa zote alizozizua mwanadamu, hakuna iliyofungwa kwa mashine kama filamu. Mtunga mashairi hutosheka na kalamu na karatasi, na akivikosa vyote viwili hutunga kwa moyo. Bali mwenye kutaka kutengeneza filamu hawezi hata kuanza asipopata kamera, taa, chombo cha kunasia sauti, kompyuta na programu ya kuhariria, na kila kimoja katika hivyo kina bei yake, kina kampuni iliyokitengeneza, na kina kaumu ya watu ambao riziki yao ni kukisifu. Kwa sababu hiyo, popote wanapokutana watu wa kazi hii, wawe wawili au kumi, mazungumzo hayakawii kuiacha hadithi, waigizaji na muziki, yakaangukia vyombo: kipi kimetoka, kipi kimepitwa, kipi ni ghali kupita kiasi, na nani kaghilibiwa.

Maneno hayo yamekwisha semwa mara nyingi bila ya mpango, nami nimeona ni aula kuyapanga. Nimewakalisha barazani, katika mji wa Unguja, watu wanne wasio na majina, kwa kuwa kila mmoja wao anasimama mahali pa wengi: Mpigapicha, mzee wa kazi ambaye wadogo zake humwita Maalim, Mhariri, mwanamke kijana aliyefunzwa na mzee huyo, Mwenye Duka, ambaye mzigo wake hutoka Dubai na ambaye kila mtu humwita Tajiri, awe nazo au asiwe nazo, na Mtayarishaji, ambaye hapigi picha wala hahariri, bali ndiye mwenye kutia sahihi hundi. Uenyekiti nimeuchukua mwenyewe, na sikuahidi kunyamaza.

MWENYE DUKA: Bismillahi. Nataka kwanza tukubaliane kwamba malalamiko ya ughali wa vyombo yamebaki kuwa mazoea ya ulimi, ilhali sababu yake imekwisha ondoka. Maalim ni shahidi. Zama za ujana wake kamera ya ukanda wa milimita 35 haikununuliwa na watu kama sisi. Ilikodiwa, tena kwa dhamana, na kila dakika ya ukanda ilikuwa na gharama yake ya kununuliwa, ya kusafishwa na ya kuchapwa. Ikaja kampuni ya RED huko Marekani, iliyoanzishwa na Jim Jannard, yule tajiri wa miwani ya Oakley, na mwaka 2007 ikaanza kuwapa wateja kamera ya kidijitali kwa dola 17,500, bodi tupu bila ya lenzi, na watu wakastaajabia urahisi wa bei ile. Mwaka uliofuata Canon wakatoa 5D Mark II kwa dola 2,700 hivi, kamera ya picha za kawaida iliyoweza kupiga na video, na ilipofika 2010 sehemu ya mwisho ya msimu wa sita wa tamthilia ya House ikapigwa kwa kamera hiyo. Mwaka 2012 Blackmagic wa Australia wakatangaza kamera ya sinema kwa dola 2,995, na ndani ya sanduku wakatia programu ya kusawazishia rangi. Sean Baker akapiga Tangerine kwa simu, na mwaka 2015 filamu hiyo ikaoneshwa katika tamasha la Sundance. Gareth Edwards akapiga The Creator, iliyotoka 2023 na iliyojaa maroboti tangu mwanzo hata mwisho, kwa Sony FX3, kamera ambayo wakati huo haikufika dola 4,000. Basi mtu akinijia dukani akaniambia vyombo ni ghali, mimi humwuliza: ghali kuliko lini?

MPIGAPICHA: Tajiri, uliyoyasema ni kweli, wala sina la kukanusha ndani yake, ninalo la kutimiza, kwa maana kila kisa ulichokitaja kina nusu ya pili ambayo tangazo huiacha. Tangerine ilipigwa kwa iPhone 5s, hilo halina shaka. Lakini simu zile zilivikwa lenzi za ziada, zikabebwa juu ya chombo cha kutuliza mkono, na sauti haikunaswa kwa simu bali na fundi wa sauti mwenye vyombo vya kazi yake, na filamu nzima iligharimu kiasi cha dola 100,000. The Creator iligharimu dola milioni 80 hivi. Ondoa elfu 4 za kamera katika milioni 80, kisha uniambie kilichopungua. Hata ile video ya mwaka 2008 iliyowashangaza wapigapicha wa dunia nzima, Reverie, ambayo Vincent Laforet aliipiga kwa 5D Mark II ya kuazimwa kabla kamera haijafika madukani, ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka kwenye helikopta. Na Sean Baker huyohuyo wa simu, alipoipiga Anora, alirudi kwenye ukanda wa milimita 35, na mwaka 2025 akapata nayo Oscar ya filamu bora. Sijaona kampuni ya simu iliyoleta tangazo juu ya hilo.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 Apple walionesha hafla yao ya kuzindua kompyuta mpya, na mwishoni wakaandika kwamba yote yamepigwa kwa iPhone. Kisha wakatoa picha za jinsi kazi ilivyofanyika, na waliotazama wakaiona simu ile imefungwa kwenye mikono mirefu ya winchi, imezungukwa na mataa makubwa na mafundi wengi. Hapakusemwa uongo hata neno moja. Tangazo la siku hizi halisemi uongo. Husema kweli, kisha hunyamaza pale ambapo mnunuzi angefaidika kusikia.

MWENYE DUKA: Kizuri chajiuza, Maalim.

MPIGAPICHA: Lau kingekuwa kinajiuza, Tajiri, kusingekuwa na haja ya kumpelekea kijana mwenye wafuasi wengi kamera kabla haijatoka, ili siku ya kutoka dunia iamke na kukuta sifa zimekwisha andaliwa. Wala simlaumu kijana. Ana nyumba ya kulisha. Namlaumu anayemsikiliza akadhani anasikiliza shahidi, kumbe anamsikiliza wakili.

Chukua habari hii ya 4K, kipimo cha wingi wa nukta za picha. Netflix waliwataka waliowatengenezea filamu wapige kwa kamera zenye kipimo hicho kwa ukamilifu, na kwa sharti hilo ARRI Alexa ya Kijerumani, iliyotoka mwaka 2010, ikabaki nje ya orodha yao, ingawa ndiyo iliyotumiwa na Roger Deakins kupiga Skyfall ya mwaka 2012, filamu ambayo hakuna mwenye macho aliyetoka ukumbini akilalamika kwamba picha ni hafifu. Sharti la Netflix lina hesabu zake za kibiashara, nao ni fedha zao. Lakini angalieni lilivyoteremka kutoka huko hata likafika kwetu: leo mwenye harusi wa Mwembetanga au wa Kisauni hamwulizi mpigapicha kama anajua kumweka bibi harusi kwenye mwanga, humwuliza kama kamera yake ni foke, yaani hiyo 4K. Ukimpa hiyo foke anaikata vipandevipande, anaituma kwa WhatsApp, na WhatsApp inaibana hata inakuwa duni kuliko ile aliyoikataa. Mpigapicha naye, maskini, amekwisha kopa.

Na sisi wa pwani tuna adui ambaye hakuna tangazo linalomtaja, naye ni unyevu na hewa ya chumvi. Lenzi ya fedha nyingi ikisahauliwa ndani ya mkoba wakati wa masika huota ukungu baina ya vioo vyake, na ukungu ule haufutiki kwa kitambaa. Kwa hiyo kijana akiniuliza anunue nini kwanza, humwambia anunue sanduku lisilopitisha hewa na vile vifuko vya kukaushia unyevu, kisha maikrofoni nzuri, kisha tripodi isiyotikisika, kisha lenzi, na kamera aikodi. Bodi ya kamera huzeeka kwa miaka mitano. Lenzi iliyotunzwa humfaa hata mjukuu.

MTAYARISHAJI: Mimi ni mtu wa hesabu, nitasema machache. Katika bajeti zangu kamera haijawahi kuwa mzigo mkubwa. Mzigo ni watu: posho, chakula, gari, mafuta ya jenereta, vibali, na siku ya mvua ambayo hulipwa sawasawa na siku ya jua. Ndiyo maana nashangazwa na fahari hii ya kumiliki. ARRI wanayo kamera iitwayo Alexa 65 ambayo hawamwuzii mtu, hata akija na fedha taslimu mkononi. Hukodishwa tu, na kwa kamera hiyo Alfonso Cuarón alipiga Roma ya mwaka 2018. Ikiwa wakubwa wa dunia wanakodi, sisi tunaona haya ya nini?

Upande wa pili yupo Nabwana wa Wakaliga, mjini Kampala, ambaye filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa fedha ambazo mwenyewe husema hazikufika dola 200, kwa kompyuta alizoziunga kwa mikono yake kutokana na vipuri, nayo imetazamwa na mamilioni ya watu. Kisa hicho vijana hukipenda, nami nakipenda. Lakini wasisahau mwisho wake. Nakala ya asili ya filamu hiyo imepotea, na iliyobaki ni ile yenye maneno ya VJ Emmie, msimulizi anayezungumza huku filamu ikienda. Alichokikosa Nabwana si kamera. Ni mahali salama pa kuwekea kazi yake, na hapo mimi ningetia fedha kabla ya kutia popote.

Hapa mwenyekiti aliona kuwa shauri la kamera limekwisha, kwa sababu Mwenye Duka mwenyewe alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali, na aghalabu huwa hivyo: watu hushindana juu ya kamera kwa sauti kubwa, kumbe kila mmoja ndani ya nafsi yake anajua kwamba tofauti ya kamera na kamera imepungua mno. Shauri zito ni lile la chombo kisichoonekana. Nikampa nafasi Mhariri, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa kimya na daftari lake.

MHARIRI: Maalim wangu, na wewe Tajiri, mmezungumza juu ya vitu ambavyo mtu akishavinunua ni vyake. Kamera ikizeeka itakuwa imezeekea kwako. Utaiuza, au utampa mdogo wako ajifunzie. Mimi chombo changu hakina umbo, na tangu mwaka 2013 hakina hata mmiliki isipokuwa aliyekitengeneza. Hapo nyuma Adobe walikuwa wakiuza programu zao kama kinavyouzwa kitu chochote: ulilipa mara moja, na fedha zilikuwa nyingi kweli, maana seti kamili ya CS6 ya mwaka 2012 ilikuwa dola 2,599, lakini ukishalipa ilibaki kwako madhali kompyuta ni nzima. Mwezi wa Mei mwaka 2013 wakatangaza kwamba seti hiyo haitapata mrithi wa kuuzwa. Atakaye Premiere, programu yao ya kuhariria, na ndugu zake na alipe ada, na siku atakayoacha kulipa, programu haitamfungulia.

Naomba jambo hili lifahamike vizuri, kwa sababu watu hulipitia juujuu. Simaanishi kwamba asiyelipa hapati mapya; hilo lingekuwa insafu. Namaanisha kwamba kazi alizozifanya miaka mitatu nyuma, wakati alipokuwa akilipa bila ya kukosa, zimo ndani ya diski yake, katika nyumba yake, naye hawezi kuzifungua. Ni mfano wa mpangaji ambaye siku kodi ilipochelewa mwenye nyumba hakumtoa yeye tu, bali alitia kufuli na vyombo vyake vikiwamo ndani.

MWENYE DUKA: Binti yangu, usinikasirikie. Dola 2,599 kwa mkupuo, ni nani katika vijana wenu aliyekuwa nazo? Ada ya mwezi ndiyo iliyomwingiza mnyonge mlangoni.

MTAYARISHAJI: Nami hapo namuunga mkono Tajiri. Nikiwa na filamu ya miezi minne, nalipa ada ya miezi minne, naitia katika gharama za filamu, kazi ikiisha naacha. Ni hesabu safi kuliko kununua kitu kizima kwa ajili ya kazi moja.

MHARIRI: Hujja hiyo ina uzito, na ingekuwa safi hivyo lau mikataba ingekuwa safi hivyo. Mwezi wa Juni mwaka 2024 serikali ya Marekani iliwashitaki Adobe mahakamani, ikidai kwamba mpango wao wa mwaka unaolipwa kwa mwezi ulimficha mteja faini ya kujitoa mapema, faini ambayo katika mwaka wa kwanza hufika nusu ya malipo yaliyobaki, na kwamba njia ya kujitoa yenyewe ilijaa vikwazo. Basi bwana wangu, hiyo miezi yako minne ilitakiwa isomwe kwa herufi ndogo. Na wewe ni mtu wa miezi minne. Mimi ni mtu wa miaka. Mteja hurudi baada ya miaka miwili akataka jina moja libadilishwe katika orodha ya mwisho, na kwa jina hilo moja sharti nilipe tena ndipo mlango ufunguke. Fauka ya hayo, ada yao ni kwa dola, na shilingi ikiteleza ada yangu hupanda bila ya mtu yeyote kunipandishia. Na anayelipa kwa kadi, siku kadi ikikataliwa kwa sababu yoyote, hata iwe si kosa lake, programu haimwulizi sababu.

Mtasema ninatia chumvi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 Adobe waliwaarifu wateja wao wote wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa, kwa kufuata amri ya serikali ya Marekani dhidi ya nchi hiyo, na mwanzoni wakasema hata fedha walizokwisha lipa hazitarudishwa. Baada ya wiki chache walipata kibali wakaendelea kuwahudumia, hilo nalisema ili nisiwadhulumu. Lakini katika wiki zile kila mhariri wa Caracas alikwisha jua kwamba kazi yake inategemea ugomvi wa marais wawili ambao hawamjui. Na ile Tangerine tuliyoisifu: programu iliyokuwa ndani ya simu zile, FiLMiC Pro, ilinunuliwa kwa dola 8, mara moja. Mwaka 2022 nayo ikageuzwa kuwa ya ada.

Mwenyekiti hakuweza kustahimili tena, akauliza lile ambalo kila mmoja alikuwa akingoja mwingine alitamke: hizi programu zilizovunjwa kufuli, ambazo vijana huziita krak na ambazo zimejaa katika kompyuta za nusu ya mji, zina hukumu gani katika mjadala huu? Palipita kitambo kidogo cha watu kutazama viatu vyao.

MTAYARISHAJI: Hukumu yake naijua kwa sababu hunigharimu mimi. Kituo cha televisheni cha nje kikinunua filamu hutaka nyaraka: mikataba ya waigizaji, haki za muziki, na mara nyingine hata leseni za vyombo. Hapo ndipo muongozaji wangu huanza kugugumia. Na zaidi ya nyaraka, kuna aibu. Sisi ndio tunaokwenda COSOTA na COSOZA, taasisi za hakimiliki za Bara na Zanzibar, tukilia kwamba filamu zetu zinadurufiwa na kuuzwa kwa bei ya chai. Tunarudi nyumbani, tunawasha kompyuta, na kilio hicho hicho tunakihariri kwa programu ya wizi.

MHARIRI: Ni kweli, wala siitetei. Ila tuseme na upande wake wa pili: krak ilienea ilhali wenye programu wanajua, na bei zao zilipangwa kwa mshahara wa Los Angeles zikauzwa kwa mtu wa Michenzani pasipo kupunguzwa. Kijana akajifunza kwa cha wizi kwa kuwa hakikuwapo kingine. Leo udhuru huo umeondoka, na hili ndilo nililolijia hapa.

Kulikuwa na mashine za kusawazishia rangi za kampuni ya da Vinci ya Marekani, zilizouzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, nazo zilikaa katika majumba machache ya miji mikubwa. Mwaka 2009 Blackmagic wakainunua kampuni hiyo. Mwaka uliofuata wakaitoa programu peke yake kwa dola 995, na mwaka 2011 wakatoa toleo la bure. Baadaye wakaongeza uhariri, sauti na vitu vya kuungia picha, hata leo DaVinci Resolve ya bure inatosha kwa kazi nyingi zinazofanyika Afrika Mashariki, na toleo la kulipia halifiki dola 300, mara moja tu. Wenzangu wengi hawajaifungua kwa sababu moja: hawakuizoea.

MPIGAPICHA: Mimi ndiye niliyekufunza kuuliza, sasa nakuuliza: wanatoa bure kwa nini? Nani amefilisika kwa ukarimu?

MHARIRI: Suala lako limenifurahisha, Maalim. Hawatoi sadaka. Grant Petty, mwanzilishi wao, ni mfanyabiashara; huuza kamera, meza za kusawazishia rangi na vinasio, na programu ya bure ndiyo inayomleta mteja kwenye vitu hivyo. Bure ya namna hiyo itadumu madhali inawafaa wao, na siku isipowafaa sitashangaa. Lakini ipo bure ya namna nyingine. Blender, programu ya kuchorea katuni za pande tatu, ilikuwa mali ya kampuni iliyofungwa. Mwaka 2002 Ton Roosendaal akawaomba watu wachange euro 100,000 ili waliotia fedha zao waiachie, na fedha hizo zikapatikana kwa muda wa wiki 7. Tangu siku hiyo msimbo wake ni wa umma, na hakuna rais wala mkurugenzi awezaye kuufunga. Gints Zilbalodis wa Latvia akatengeneza kwa Blender filamu ya paka asiyesema neno, Flow, akazitoa picha zake za mwisho kwa kompyuta yake mwenyewe, na mwezi wa Machi mwaka 2025 ikashinda Oscar ya katuni ndefu mbele ya kampuni ambazo ankara yao ya umeme peke yake ingetosha kuwalipa sote tuliokaa hapa.

Na kwa wale wanaodhani kwamba programu isipokuwa mpya haifai, namalizia kwa hili. Mwezi wa Juni mwaka 2011 Apple walitoa Final Cut Pro X kwa dola 299, na papo hapo wakaiondoa sokoni Final Cut Pro 7, ambayo wahariri wa dunia waliijengea maisha yao. Mpya haikuweza hata kuzifungua kazi za ile ya zamani. Waliokasirika walihamia kwingine. Yang Jin-mo wa Korea ya Kusini hakuhama. Aliendelea na toleo la 7 alilokuwa amelinunua, na kwa toleo hilo akaihariri Parasite ya Bong Joon-ho, iliyopata Palme d'Or mwaka 2019 na Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Aliweza kwa sababu lilikuwa lake. Lau lingekuwa la ada, lingekwisha zimwa miaka minane kabla ya filamu hiyo kutoka.

MWENYE DUKA: Hapo umenikamata, mwanangu. Kompyuta yangu ya hesabu za duka nayo ni ya zama hizo, na sijaibadilisha.

Maneno yaliendelea, na mengine sitayaandika kwa kuwa yalikuwa ya kupitisha chai. Itoshe kutaja kwamba Mpigapicha alikumbusha jinsi RED walivyojipatia hataza juu ya namna ya kurekodi picha ghafi zilizobanwa ndani ya kamera, wakaishinda Apple iliyojaribu kuibatilisha mwaka 2019, wakawashitaki Nikon mwaka 2022, na mwaka 2024 Nikon wakainunua RED yenyewe. Mshitakiwa kuja kumnunua aliyemshitaki ni jambo ambalo Kadhi wa mji wetu hajapata kulisikia.

Sasa zamu ya hukumu, nami siikwepi. Mwenye Duka ana haki katika bei, na anayelia leo kwamba kamera imemzuia kufanya filamu ajitafute vizuri zaidi. Mpigapicha ana haki katika matangazo. Lakini wote wawili walikuwa wakijadili mlango, na Mhariri peke yake ndiye aliyeuliza ufunguo uko kwa nani. Nami nimemwelekea yeye. Bei ya chombo ni jambo la siku ya kununua. Idhini ya kukitumia ni jambo la kila asubuhi, na mtu aliyeiweka idhini hiyo mikononi mwa kampuni iliyo mbali naye, kwa fedha isiyo ya nchi yake, amejitia katika utegemezi ambao kamera ya dola 17,500 haikupata kumtia.

Katika jambo moja tu sikubaliani naye. Amezungumza kana kwamba kila mtu anaweza kuhama kesho, na si kila mtu anaweza. Yuko mhariri ambaye kituo anachokifanyia kazi hupokea mafaili ya Premiere na si mengine, na kumwambia ahame ni kumwambia aache kazi. Mtu huyo na alipe ada yake bila ya haya, ila kila kazi inapokwisha aitoe nje ya programu: nakala ya mwisho ya picha kwa ubora wa juu, sauti mbalimbali zisizochanganywa, na orodha ya mikato katika lile faili la XML ambalo programu nyingine huweza kulisoma. Vyote hivyo avitie katika diski mbili, na diski hizo zilale katika nyumba mbili. Gharama yake ni ndogo kuliko lenzi yoyote iliyomo katika duka la Tajiri, na nimekwisha kuona studio zenye kamera tatu ambazo hazina diski ya pili.

Nanyi wenye maduka, wa Darajani, wa Kariakoo na wa Mombasa, ninawaomba jambo jepesi ambalo halitawapunguzia faida. Mnapoandika ankara ya kamera, kompyuta na programu, andikeni mbele ya kila kimoja kama kimeuzwa au kimekodishwa. Na kama kimekodishwa, mwambieni mnunuzi kwa Kiswahili, kabla hajatoa fedha, kitakachozipata kazi zake siku atakayoshindwa kulipa.